Kioo cha Dirisha la Uchochoroni

Dada wa duka la vioo pale mtaa wa Mukendo, Musoma, alinipangia vipande vitano juu ya meza, kila kimoja ukubwa wa daftari, akaniambia nichague. Kimoja kilikuwa cheupe, kimoja cha kahawia, kimoja cha bluu, kimoja cha maua kama vile vya madirisha ya chooni, na cha tano kilikuwa kile kinachong'aa, ambacho aliye ndani anamwona wa nje, na wa nje anajiona mwenyewe.

"Hiki ndicho kinachotoka sana sasa hivi, mama," akasema, akikigonga kwa ukucha. "Watu hawapendi kuchunguliwa."

Nilikitazama, nikauona uso wangu, nikakisukuma pembeni haraka mpaka dada wa watu akashtuka.

Rafiki yangu, huenda utaona ajabu mtu mzima kusimama nusu saa mbele ya vipande vya vioo kama anachagua mume. Lakini mimi vioo vya nyumba ya bibi yangu nilishavichagua mara moja, na nilichagua vibaya. Sasa bibi ni marehemu, nyumba imepata mpangaji, nami nilikuja Musoma kwa likizo fupi kuvitoa nilivyoviweka mwenyewe. Nilitaka vitoke kabla jirani wa ng'ambo ya uchochoro hajaingia mle ndani. Kuna jambo ambalo bibi aliniomba nimfiche jirani yake, na mtu akisimama nyuma ya kioo kile atalijua bila kuambiwa. Nitakueleza, ila niruhusu nianzie mbali, maana bila utoto wangu hutaelewa ukubwa wa kosa langu.

Nililetwa kwa bibi nikiwa na miaka saba, kutoka Butiama, ambako baba yangu alikuwa anafundisha na kufuga ng'ombe wachache. Walisema shule za mjini ni nzuri zaidi. Mimi nadhani sababu ya kweli ilikuwa kwamba babu alikuwa amefariki, bibi amebaki peke yake, na katika watoto wote wa nyumbani mimi ndiye niliyekuwa na mdomo mwingi kuliko kazi. Wakanipakia kwenye basi na debe la mtama na kuku mmoja. Kuku alipokewa vizuri kuliko mimi.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na dirisha la chumba chake lilitazama uchochoro. Uchochoro wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mwenye baiskeli alilazimika kushuka. Ng'ambo yake, dirisha kwa dirisha, ilikuwa nyumba ya jirani.

Bibi alikuwa Mwislamu, binti wa seremala aliyekuja Musoma kutoka Tabora akaoa hapa hapa, na kazi yake ilikuwa kupika vitumbua. Jirani alikuwa Mkristo, mzaliwa wa Majita, mdogo kwa bibi kwa miaka kama kumi na mitano. Mume wake alikuwa anavua huko kisiwa cha Rukuba, yeye anakausha samaki na kuwauza sokoni. Kwa hiyo utoto wangu ulikuwa na harufu mbili. Upande huu iliki na mchele unaoiva kwenye mafuta, upande ule furu na dagaa kichanjani juani. Shuleni wenzangu walijua nimefika kabla hawajageuka kuniangalia.

Sasa sikiliza utaratibu wao. Bibi akishamaliza sala ya alfajiri na kunikoroga mimi kitandani kwa mpini wa ufagio, kitu cha kwanza alikuwa anavuta pazia la dirisha lile. Ng'ambo naye jirani anavuta la kwake. Wakionana, basi, siku imeanza. Hakukuwa na "habari za asubuhi" wala nini. Bibi anainua kidevu, jirani anainua kidevu, kila mtu anageukia jiko lake. Lakini ole wako kama pazia moja halikuvutwa mpaka jua limegusa bati la nyumba ya jirani. Hapo hakuna cha kusubiri. Aliyeamka anavuka.

"Pazia la mwenzako likilala, wewe usikae," bibi alikuwa ananiambia, na aliliambia jambo hilo kwa ukali ule ule aliotumia kunifundisha kunawa mikono.

Nililiona likifanya kazi kwa macho yangu. Siku moja pazia la jirani lilibaki limefungwa. Bibi alitazama bati, akatazama pazia, akaacha kitumbua kinaungua, yeye ambaye alikuwa hawezi kuacha hata cha mtoto wa adui kiungue. Alivuka na khanga moja tu. Mimi nyuma yake. Tukamkuta jirani anatetemeka kwa malaria, hawezi kusimama, na mtoto wake mchanga analia pembeni. Mume alikuwa kisiwani, hana habari. Bibi alimbeba mtoto, akanituma nikaite mtu wa mkokoteni, jirani akapelekwa hospitali. Wiki nzima tulikula vitumbua vilivyoungua kwa sababu bibi alikuwa anapika akiwa na mtoto wa mtu mgongoni.

Walipokuwa wazima wote wawili, dirisha lile lilikuwa na lugha yake. Jirani akiinua vidole viwili na kuvuta shavu, maana yake sato wawili, njoo uchukue. Bibi akipuliza kiganja, vitumbua vimeiva. Mkono kiunoni, mgongo unauma. Mkono kichwani, mume amerudi kutoka Rukuba bila kitu. Nyumba ya jirani ndiyo iliyotazama ziwa, kwa hiyo wakati wa Ramadhani yeye alikuwa anamwonyesha bibi kwamba jua limezama, na bibi hakumwamini hata siku moja. "Huyu hana saumu, anaharakisha," alisema, akasubiri adhana.

Niliwahi kumwuliza kwa nini wasifungue tu madirisha wakaongea. Bibi akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini chumvi ina chumvi. "Maneno ya dirishani yanasikiwa na uchochoro mzima," akasema. "Ya mikono ni yetu sisi wawili."

Ndiyo maana kioo kile kilikuwa hakiruhusiwi kuwa na vumbi. Kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kukisafisha kwa maji ya ndimu na gazeti kuukuu, ndani na nje, na bibi alikuwa anakuja kukagua kwa kuweka jicho moja pembeni. Kuna majira wadudu wa ziwani walikuwa wanainuka majini kwa wingi mpaka anga inakuwa na moshi wake, wakija mjini tunafunga kila kitu, na asubuhi wamebandikana kwenye kioo unene wa shuka. Hapo hakuna cha kusubiri Jumamosi. Nilikuwa ninapanda juu ya ndoo ninawakwangua kabla ya shule, ninanung'unika, naye jirani kutoka ng'ambo ananichekea kwa vidole viwili na kuvuta shavu, yaani jioni kuna samaki, fanya kazi.

Halafu mimi nikakivunja. Ulikuwa upepo, nilisema wakati ule, na ninasema mpaka leo, ingawa ukweli ni kwamba nilikuwa nimeambiwa nifunge komeo nikaenda kuruka kamba. Dirisha likapigwa, kioo kikamwagika uchochoroni. Bibi hakunichapa. Aliziba tundu kwa katoni ya sabuni, na hiyo ilikuwa adhabu tosha, maana kuanzia hapo jirani alilazimika kuja mlangoni kila asubuhi kuuliza kama tumeamka, na bibi kumjibu kwa sauti, na uchochoro mzima ukajua kwamba tumeamka. Siku ya nane bibi akasema hawezi tena kuishi kama redio.

Wakati huo maduka ya Musoma yalikuwa yameishiwa vioo vyeupe, vimebaki vya maua tu. Walimwambia bibi kuna fundi Bunda anavyo. Jirani, ambaye alikuwa mrefu, akapanda ndoo akapima dirisha kwa shubiri yake: shubiri tano na vidole vitatu kwenda juu, nne kwenda pembeni. Mimi nikapewa kazi ya kuzikumbuka hesabu hizo. Niliziimba kutoka Musoma mpaka Bunda, mpaka abiria wa kiti cha mbele akaniomba nipumzike.

Yule fundi wa Bunda alikuwa mzee wa kofia ya kitambaa cheupe, mwenye makovu mengi ya vioo mikononi. Kwanza alimwonyesha bibi cha maua, kizuri, akasema kinasitiri. "Nimesitirika vya kutosha," bibi akajibu. "Lete kinachoonyesha." Akaletewa viwili vyeupe. Mimi kwa macho yangu vilikuwa sawa kabisa. Lakini bibi alimwambia fundi ashike cha kwanza wima, mimi nikae nyuma ya kioo.

"Cheka," bibi akasema.

Nikacheka.

"Nuna."

Nikanuna.

"Sasa jifanye unaumwa na hutaki mtu ajue."

Hiyo ilinishinda kidogo, lakini nilijitahidi. Bibi akatikisa kichwa. Kioo cha kwanza kilikuwa na wimbi, alisema, kilinivuta mdomo, mtu hawezi kujua kama nina maumivu au ninatafuna. Tukarudia yote kwa cha pili. Fundi alishika kioo mpaka mikono ikamtetemeka, akamwambia bibi kwamba tangu aanze kazi ile hajawahi kuona mteja wa namna hii. Bibi akasema, "Wewe unauza kioo. Mimi ninanunua mtu wa ng'ambo." Akachukua cha pili.

Kisha wakapima. Nikaziimba shubiri zangu tano na vidole vitatu, na bibi akazipima juu ya kioo kwa mkono wake, fundi akakata. Tulirudi Musoma kioo kimeviringishwa blanketi, bibi amekipakata, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Kufika nyumbani kukiweka, kikapwaya. Kilikuwa kimepungua, juu na pembeni. Tulisimama pale, bibi, jirani na mimi, tukikitazama, kila mtu akiwa na uhakika kwamba mwenzake amekosea, mpaka jirani akainua mkono wake akauweka juu ya mkono wa bibi, kiganja kwa kiganja. Vidole vya jirani vilimzidi bibi kwa ncha nzima. Alikuwa amepima kwa mkono wake mrefu, na bibi akanunua kwa mkono wake mfupi. Walicheka mpaka jirani akakaa chini uchochoroni. Mumewe aliporudi kutoka kisiwani akachonga ubao mwembamba wa mtumbwi, akaziba mapengo, na dirisha lile likaishi hivyo, kioo na ubao, utoto wangu wote.

Niliondoka Musoma kwenda kusoma, kisha nikapata kazi Mwanza, ofisini, penye madirisha makubwa ya kung'aa. Nikaanza kuona aibu kwa dirisha la bibi. Kila nikija likizo nilikuwa ninaona ubao tu. Bibi alikuwa amezeeka, anaishi peke yake, na mimi nilikuwa ninawaza wezi, ninawaza jua la mchana, ninawaza watu wanaopita uchochoroni wakimwona bibi yangu amelala. Nikaja na fundi kutoka Mwanza. Nikaweka fremu za kusukuma pembeni na vioo vile vya kung'aa nyumba nzima. Nilichagua mwenyewe, dukani, kwa dakika tano.

Bibi alizunguka nyumba akiyagusa madirisha. Alipofika la chumbani kwake akasimama.

"Mimi nitamwona," akasema. "Yeye je, ataona nini?"

"Ataona nyumba inapendeza, bibi."

"Haya. Asante, mjukuu wangu. Mungu akuzidishie."

Haya ya bibi yangu haikuwa kukubali. Ilikuwa ni mlango anaoufunga taratibu ili usikuumize vidole. Nililijua hilo tangu nina miaka saba, na siku ile nikajifanya silijui, kwa sababu nilikuwa nimeshalipia na nilitaka kusifiwa. Wanaosema majuto ni mjukuu walinipata hasa.

Jirani hakuwepo. Alikuwa ameenda Rukuba kumuuguza mumewe, alikaa huko wiki kadhaa. Katika siku hizo bibi alijaribu kusukuma lile dirisha kila asubuhi ili likae wazi, akaweza siku mbili tatu, halafu mchanga ukaingia kwenye reli na mikono yake ikashindwa. Jirani alirudi jioni moja, wakakutana uchochoroni giza limeshaingia, wakapeana pole, wakaagana kwamba kesho wataongea vizuri.

Kesho yake bibi alianguka. Alikuwa ameshasali, anakunja mswala, mguu ukateleza, nyonga ikavunjika. Alilala pale sakafuni mbele ya dirisha tangu alfajiri mpaka alasiri. Pazia lilikuwa wazi. Alikuwa amelivuta, kama kawaida yake, lakini kwa nje hakuna aliyeweza kujua. Jirani alitoka, akaona kioo kinang'aa, akagonga kwa kidole, akaita mara moja, hakusikia kitu, kwa sababu vioo vile vina mipira inayobana na sauti ya bibi ilikuwa imekwisha. Akadhani ameenda kupeleka vitumbua. Akaenda sokoni. Alasiri aliporudi na samaki wake, akagonga mlango, akasikia kitu, akaita watu, na wakati wanauvunja na kumtoa bibi yeye alikuwa amekimbilia barabarani kutafuta gari.

Tulimpeleka bibi Butiama kwa baba, maana nyonga haikuungana vizuri na hakuweza tena kukaa peke yake. Nilikuwa ninakwenda kila nilipopata ruhusa. Chumba walichompa kilitazama banda la ng'ombe. Siku moja nikiwa ninamkanda miguu akaniambia, bila hasira yoyote, karibu kwa kuchekacheka, kwamba siku ile alimwona jirani.

"Alisogea kabisa," akasema. "Akanitazama hivi, uso kwa uso. Nikanyoosha mkono. Kumbe mwenzangu anajitazama. Akafungua kilemba, akakifunga upya. Akapendeza." Akaushika mkono wangu uliokuwa unamkanda. "Usimwambie. Atakufa na jambo hilo. Mwambie sikuona kitu."

Nikaahidi. Hakukaa hata mwaka. Tulimzika Butiama, na msibani jirani alinishika mkono akanivuta pembeni. Alikuwa amekuja na kilemba cheusi na macho yamevimba.

"Mwanangu, sisi tulikuwaga tunavuka," akasema. "Jua likigusa bati tu, tunavuka. Siku ile sikuvuka mpaka ndani. Najilaumu sana. Kitu kimoja tu ndiyo kinanipa usingizi, kwamba hakuniona nikipita. Kile kioo kilikuwa cheusi, hata yeye alikuwa hanioni. Eti si ndiyo?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

Nyumba ikafungwa, ufunguo ukakaa Butiama kwa baba, mpaka mpangaji huyu alipojitokeza.

Basi, pale dukani nilichukua kioo cheupe. Dada aliniambia cheupe kinaonyesha kila kitu, nikamwambia ndicho ninachotaka. Nikapata fundi, nikamwambia mara mbili, kwa Kiswahili kinachoeleweka, aanze na dirisha la uchochoroni. Halafu nikaenda kununua puti ya kushikishia vioo, kwa sababu ile tuliyokuwa nayo ilikuwa imekauka.

Niliporudi nikakuta ameanza na la sebuleni. Alisema upande wa uchochoro jua lilikuwa linampiga machoni, alitaka lisogee kwanza. Na mlango ulikuwa wazi, na jirani alikuwa ndani. Alikuwa amesikia nyundo, akajua ni mimi, akaleta chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha. Siku hizi anatembea polepole, mume wake naye ameshatangulia. Alikuwa amesimama chumbani kwa bibi mbele ya dirisha, sahani bado mkononi.

"Mbona naona mlango wangu?" akaniuliza.

Nikanyoosha mkono kuvuta pazia ambalo halikuwepo.

"Mwanangu, mbona naona mpaka kandambili zangu?"

Fundi akajibu kutoka sebuleni, kwa fahari ya kazi yake. "Ndivyo vilivyo hivi vioo, mama. Wa ndani anamwona wa nje vizuri tu. Wa nje ndiye anajiona mwenyewe."

Jirani alibaki ametazama nje. Ng'ambo kila kitu kilionekana, mlango wake wa bluu, kichanja cha samaki, ndoo, zile kandambili kwenye ngazi. Nilikuwa na muda mrefu wa kuandaa uongo wa pili, tangu siku ya mazishi, na nilikuwa sijauandaa, kwa sababu nilidhani fundi na nyundo watanimalizia.

"Aliniona?" akauliza.

"Mama," nikasema. Basi. Huyu alinisoma uso miaka na miaka kupitia dirisha lile lile. Hakuhitaji zaidi.

Akaweka sahani sakafuni, maana hakukuwa na meza. "Nilijifunga kilemba hapa," akasema. "Nikakifungua, nikakifunga tena, maana hakikukaa vizuri." Akagusa kioo kwa vidole vyake virefu, upande wa chini, akiinamia sakafuni, kama anatafuta mtu. Halafu akasema, "Dada," akatoka. Nilimfuata mpaka uchochoroni. Akaniashiria kwa mkono nibaki.

Nilitaka kumwambia kwamba kosa ni langu. Nilimwambia, jioni ile, nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Nikamweleza kwamba bibi hakuvitaka, kwamba alinionya kwa upole wake, kwamba mimi ndiye niliyeweka ukuta na kuuita dirisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe ulikuwa mbali," akasema. "Mimi nilikuwa na miguu, na kutoka dirishani mpaka mlangoni ni hatua tano."

Kioo cheupe kikawekwa siku hiyo hiyo, kikakaa barabara, bila ubao. Nililala mle. Alfajiri nikavuta khanga niliyoitundika kwa muda badala ya pazia, nikasimama kama bibi. Pazia la jirani lilikuwa limefungwa. Nikangoja. Jua likagusa bati lake, nikavuka.

"Hodi."

"Nimeamka, mwanangu. Mimi mzima."

"Nikuletee uji?"

"Nimekunywa. Nenda tu."

Asubuhi tatu zilikuwa hivyo, mpaka likizo ikaisha. Pazia halikufunguliwa, na mimi nilielewa kwamba hakuwa amelala, hakuumwa, wala hakunikasirikia. Alikuwa hawezi tena kulitazama dirisha lile likiwa jeupe. Mpangaji, nesi kijana mwenye adabu, ameshahamia, na mlinzi wa mtaa ananiambia ametundika mapazia mazito ambayo hayavutwi mchana wala jioni. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna saa ya kuyavuta, na kwamba kuna mtu ng'ambo anayehesabu jua. Vile vioo vya kung'aa nilivipeleka pale Mukendo, dada akavipokea kwa furaha, akasema vitapata mteja kabla ya wiki kuisha.

Kumbe vitu vya namna ile haviondoki kwa kishindo. Tulikuwa na wanawake wawili waliojua kila asubuhi kama mwenzao yuko hai, na hawakuhitaji kitu zaidi ya kioo safi na pazia la kuvuta. Nilikulia katikati yao. Nililishwa na upande huu na upande ule. Mimi mwenyewe ndiye niliyekivunja kioo nikiwa mtoto, wakakitengeneza, na mimi mwenyewe ndiye niliyekiharibu nikiwa mtu mzima, nacho hakitengenezeki.

Sasa nikiwa Mwanza, kila asubuhi kabla sijaingia kazini, ninampigia jirani simu. Anapokea. Ananiambia ameamka, ni mzima, amekunywa uji. Ninamwamini, kwa sababu siuoni uso wake.